Mijusi wa Nyumba Namba Nne

Alhamisi, 12 Februari

Dokta Antoinette amenipa madaftari mawili. Moja ni la mijusi, na yeye atalisoma kila Jumamosi. La pili amesema ni langu mwenyewe. "Muntu anayeangalia bitu kutwa nzima anajaa, Mwavita. Akikosa pa kumwaga, atamwaga ndani ya daftari yangu."

Basi namwaga. Mimi ni binti wa Mzee Sibomana, fundi viatu wa hapa Kamembe, ambaye pia alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mpaka kifua kilipomshinda. Nina miaka arobaini na moja. Siku za juma nashona nguo, na Jumamosi na Jumapili asubuhi nafundisha watoto Kurani. Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita, nikarudi kwa Papa. Tunakaa wawili na cherehani.

Dokta Antoinette Muderhwa ni mtaalamu wa wanyama wenye damu baridi. Kwao ni Bukavu, ng'ambo ya mpaka, lakini msimu huu wa mvua amepanga chumba huku kwetu, kwa sababu mpaka hufungwa mapema na mnyama anayemtafuta huanza kazi magharibi. Anataka kujua kama nyumba yenye mijusi ina mbu wachache kuliko nyumba isiyo nao. Alijaribu wiki moja peke yake, akina mama wakamfungia milango. Mwanamke mgeni, ana tochi, anataka kuingia jikoni kwako kuangalia dari: nani angemfungulia? Ndipo akashauriwa atafute mtu wa mtaa.

Kuna jambo sikumwambia. Huyo mnyama wake sisi tunamwita mjusi kafiri. Tulifundishwa tukiwa wadogo kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, wanyama walikimbilia kuuzima, na yeye peke yake akaupuliza uwake zaidi. Kumuua ni thawabu, na anayemuua kwa pigo moja hupata nyingi kuliko anayepiga mara mbili. Papa ana mkono wa fundi viatu. Hajawahi kuhitaji pigo la pili.

Jumamosi, 14 Februari

Leo tumepiga kura. Nyumba ni kumi na mbili. Sita zinaachiwa mijusi wake, na sita tunawaondoa wote na kuwapeleka kwenye ghala bovu karibu na ziwa. Dokta alikunja vikaratasi, mimi nikachomoa. Nyumba ya Sheikh Habumugisha, imamu wetu: waondolewe. Yetu, namba nne: waachwe.

Nilimkuta Papa anapigilia soli.

"Nani ameamua?" akauliza.

"Kura, Papa."

"Nani amechomoa?"

"Mimi. Nilikuwa nimefumba macho."

Akagonga misumari mitatu kabla ya kunijibu. "Kura ni kadari. Basi, mpaka mvua ziishe sitawagusa. Lakini wasinikaribie."

Nikamwambia hawa ndio wanaokula mbu, na akiwaacha hatapata tena malaria kama ile ya mwaka jana. Nilisema kwa uhakika mkubwa sana. Nilikuwa nimejifunza jana.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo wa kwanza wa Ramadhani. Kwaresima ya Wakatoliki nayo imeanza jana. Mimi nimeacha chakula na maji mpaka magharibi, Dokta ameacha kahawa mpaka Pasaka. Yeye ndiye mwenye hali mbaya.

Ijumaa, 20 Februari

Mvua. Mbu 29 kwenye mtego ambao Dokta ametega nyumbani kwetu. Nyumba ya Sheikh, isiyo na mijusi, mbu 31. Dokta amesema ni mapema kufurahi. Mimi nimefurahi.

Jumatatu, 23 Februari

Leo tumewatia alama. Unamkamata kwa kikombe na karatasi, unampima kwa rula, kisha unamtia mgongoni madoa ya rangi nyekundu ya kucha. Nyumbani kwetu kuna watatu. Namba 15 ana doa moja, namba 16 ana mawili, namba 17 ana matatu.

Namba 17 ni jike. Dokta alimgeuza, akaweka tochi nyuma yake, na tumbo likawaka kama kioo cha taa. Ndani nikaona mayai mawili meupe, kila moja kama punje ya kunde, na juu yake moyo unapiga, haraka haraka, nyuma ya ngozi tu. Sikuwahi kuona moyo wa kitu kilicho hai. Nilisema Subhanallah kwa sauti.

"Umesema nini?" Dokta akauliza, kalamu mkononi.

"Nahesabu mayai."

Tangu hapo sina raha. Nimewafundisha watoto kisa cha Ibrahimu mara ngapi? Na kila mara nilimaliza kwa kusema mkimwona, mpigeni. Sikuwaambia kwamba ukimulika unaona moyo, kwa kuwa sikujua.

Jumanne, 24 Februari

Mvua tangu alfajiri. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 28 Februari

Nimemfuata Sheikh Habumugisha baada ya darasa. Ana miaka thelathini na mitatu na alikuwa anabadilisha plagi ya pikipiki yake, lakini alinisikiliza. Nilimuuliza: mtu akiwalinda mijusi kafiri kwa ajili ya elimu, ana dhambi?

Akafuta mikono. "Kumuua si faradhi, Maman Mwavita. Usipomuua hujaacha swala. Kumheshimu Mzee Sibomana, hiyo ndiyo faradhi. Usimgombeze baba yako kwa sababu ya mjusi."

"Sijamgombeza."

"Banasema ulimnyang'anya kiatu."

Nilimnyang'anya, kweli. Mara moja.

Kisha akaniuliza kama ninaweza kumrudishia wawili watatu, kwa sababu tangu tuwaondoe, mkewe anaona mende wengi. Nikamwambia utafiti hauruhusu. Akasema utafiti umekuwa mkali kuliko mama mkwe.

Jumatano, 4 Machi

Jioni nilikuwa kwa Nyirabagenzi, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga, tukihesabu mijusi wa jikoni kwake. Niliporudi nikamkuta Papa amekwisha kufuturu. Alinimiminia chai yeye mwenyewe. Akaniuliza kama sukari inatosha. Papa hajanimiminia chai tangu nizaliwe.

Nikaangalia. Bakuli lake la uji lilikuwa limeoshwa. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kizingitini, nacho kimeoshwa. Cha kushoto kina matope yake. Nikachukua tochi nikazunguka kuta zote. Namba 15 yupo nyuma ya kalenda. Namba 16 yupo juu ya mlango. Namba 17 hayupo.

"Unatafuta nini?" Papa akauliza.

"Nahesabu tu."

"Hesabu vizuri," akasema, na akaenda tarawehe nusu saa kabla ya wakati.

Sikuweza kumuuliza. Alinipa neno lake. Mtu aliyewaita watu kwenye swala miaka ishirini na sita, nimwambie usoni amevunja ahadi ndani ya Ramadhani?

Na kuna Dokta. Sharti lake ni kwamba nyumba ambayo mjusi ameuawa inatoka kwenye utafiti. Ikitoka moja kati ya sita, kazi nzima inachechemea.

Alhamisi, 5 Machi

Nimefanya jambo. Magharibi ilipokaribia nimekwenda nyuma ya mashine ya Nyirabagenzi, nimekamata mjusi wa ukubwa uleule, nimemtia madoa matatu mekundu, nimemwachia kwenye ukuta wa chumba cha Papa. Katika daftari la Dokta nimeandika: "Namba 17, yupo."

Maneno machache tu. Nilikuwa nimefunga.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemuuliza Sheikh kama uongo unabatilisha saumu. Amesema unakula thawabu zote, mtu anabaki na njaa yake. Akauliza ni uongo gani. Nikasema nauliza kwa niaba ya mtu. Akasema wote wanaomuuliza huuliza kwa niaba ya mtu.

Jumamosi, 7 Machi

Mbu 33 kwetu. Mbu 30 kwa Sheikh.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya kupima tena. Nilijua itafika, ila nilidhani Dokta atapima urefu tu. Nyirabagenzi alikuja kushika tochi, maana anapenda mambo. Papa alikaa sebuleni na tasbihi.

Dokta akamgeuza namba 17. Akamsogeza karibu na macho, akavaa miwani, akavua, akavaa.

"Mwavita, nisomee. Namba kumi na saba, tarehe ishirini na tatu."

"Jike. Mayai mawili."

"Uyu iko dume."

Alinionyesha: chini ya mapaja kuna mstari wa vitundu vidogo sana, kama nukta za sindano. Jike hana. Nimeshona vitambaa maisha yangu yote, na ule mstari niliuona vizuri kuliko nilivyotaka.

"Labda tulikosea siku ile," nikasema.

"Tulikosea mayai?" Akaketi kwenye kitanda cha Papa bila kuomba ruhusa. "Mimi si muntu wa miujiza. Unanijua. Jumapili ni ya Mungu, siku zingine nahesabu. Lakini iko wanyama wanaogeuka. Samaki wanageuka. Chura fulani, banasema. Mjusi, sijasikia." Alikuwa na sauti ya mtu anayetembea juu ya yai. "Nitamwandikia profesa wangu wa zamani, kule Ulaya."

Huyu ndiye anayeniambia kila siku tusikimbilie maajabu. Na mimi ninayeamini miujiza, nilikuwa mtu pekee chumbani aliyejua hapakuwa na muujiza wowote.

Jumanne, 10 Machi

Nyirabagenzi amesimulia kwenye mashine. Kufikia saa tisa walikuwa wamekuja watu kumi na mmoja kuomba kumwona mjusi wa Mzee Sibomana aliyegeuka mwanamume. Mmoja akasema ni dalili ya Kiyama. Mwingine akauliza kama inaambukiza.

Papa hakutoka chumbani.

Jumatano, 11 Machi

Kitu kimempata Papa. Hanitazami. Akiingia chumbani anatoa salamu, na mle ndani hamna mtu. Anaswali rakaa za ziada mpaka magoti yanalia. Leo asubuhi mjusi alishuka mpaka usawa wa mto wake na Papa akaamka, akahamia kwenye kiti, akamwachia kitanda.

Jioni nilipita mlangoni nikamsikia anasema, polepole, "Nisamehe. Sikujua." Nikadhani ni dua.

Ijumaa, 13 Machi

Leo saa tisa Dokta alikuwa aongee na profesa wake kwenye simu, kwa video, na mjusi mezani. Asubuhi alinijia amevaa blauzi ya kanisani. Hakulala vizuri, akasema. Kama hajakosea, basi ni jambo kubwa. Kama amekosea jike na dume, hawezi kuamini hata kimoja kati ya vipimo vya mijusi wote wa nyumba kumi na mbili, na msimu umekwenda. "Nimefanya kazi iyi miaka kumi na tisa," akaniambia, "na sijui kama macho yangu bado iko yangu." Kisha akaenda kutafuta mahali penye mtandao mzuri.

Nilikaa kwenye cherehani bila kushona. Papa akatoka chumbani, akavuta kigoda chake cha ufundi, akaketi mbele yangu.

"Mwavita. Nina jambo."

"Sema, Papa."

"Yule mjusi. Nilimuua."

Akaeleza yote. Alikuwa amenyanyua bakuli la uji afuturu, tende mdomoni bado, namba 17 akaanguka kutoka darini, pa, ndani ya uji. Mkono wake ukachukua kiatu kabla yeye hajafikiri. Pigo moja. Akamzika nyuma ya nyumba, kando ya migomba, na kijiko.

"Nilimfukia kwa mikono hii," akasema. "Siku ya tatu nikaamka, yuko ukutani. Madoa yake matatu. Ananiangalia. Sasa banasema amerudi akiwa dume. Nimewaua wangapi maisha yangu? Kama wameanza kurudi..." Hakumaliza.

Ndipo nilipoelewa zile salamu.

Nilitaka kucheka na nilikuwa ninalia, na vyote viwili vilitoka kwa pamoja kwa njia mbaya. Nikamwambia. Mashine ya Nyirabagenzi, kikombe, rangi ya kucha, neno "yupo".

"Siku nane," Papa akasema, "nimeomba msamaha kwa mjusi wa mashine ya kusaga."

"Nisamehe, Papa. Nilitaka kukusitiri."

"Ungenigombeza tu. Kunigombeza ningejua nimefanya nini." Akasimama kwa kushika meza. "Yule maman anaongea na Mzungu saa ngapi?"

"Saa tisa."

Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Tulimkuta Dokta kwenye kibanda cha mgahawa barabarani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji, mjusi ndani ya gilasi. Papa alikuwa anahema. Akaanza yeye, kwa sababu ni mkubwa, kisha mimi. Nilipomaliza, Dokta akamwangalia mjusi. Akaita mhudumu, akaagiza kahawa, nyeusi, kubwa. Akainywa yote mbele yetu, sisi tumefunga, na siku ishirini na tatu za Kwaresima zikaenda na kikombe kile.

"Kwa hiyo macho yangu ni mazima," akasema.

"Ni mazima, Dokta."

"Mungu ashukuriwe. Sasa nipe daftari, Mwavita, na uende nyumbani."

Simu ilipoita tulikuwa tumeshageuka. Nilimsikia anasema kwa Kifaransa, bila kutetemeka, kwamba kosa lilikuwa la kibinadamu.

Jumatatu, 16 Machi

Nashona nguo za Idi. Hakuna anayenituma kuhesabu kitu.

Wiki zile zote nilidhani dini inanivuta huku na elimu kule, na nikajihurumia kama mtu anayegombewa. Sasa nimekaa nafikiri. Sheikh alinikataza uongo. Dokta alinikataza uongo. Papa mwenyewe, na kiatu chake, alishindwa kuubeba siku tisa. Hakuna aliyenivuta. Mimi ndiye niliyetoka katikati yao nikapita njia yangu, nyuma ya mashine.

Jumatano, 18 Machi

Mvua ya mawe. Namba 15 bado yupo nyuma ya kalenda. Simhesabu, nimemwona tu.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Tumeswali chini ya manyunyu. Tulipokaa kula, Dokta akabisha hodi, amebeba samaki wakavu ambao mama yake amevusha kutoka Bukavu. Papa akamkaribisha, akamtolea kiti chenye mgongo.

Alikula vizuri. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Nimekwenda nyumba saba wiki hii. Zote banauliza Mwavita iko wapi. Tatu zimenifungulia."

"Samahani, Dokta."

"Nyumba namba nne imetoka. Hiyo hairudi. Lakini utaandika kwa mkono wako, kwenye daftari yangu, yote ulivyofanya, na tarehe. Kosa lililoandikwa naweza kufanya nalo kazi." Akatoa daftari kwenye mkoba. "Na ukiona mjusi amekufa, niambie amekufa. Sitakula muntu."

Nimeandika kurasa mbili na nusu. Papa amenikumbusha niweke kijiko.

Jumapili, 29 Machi

Mbu 27 kwa Nyirabagenzi. Mbu 27 kwa Sheikh.

Jumamosi, 11 Aprili

Mkutano, kwenye darasa la madrasa, kwa sababu ndiko kuna viti. Zimekuja nyumba zote kumi na mbili. Dokta aliniambia mimi ndiye nitakayesoma majibu, kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikiwaahidi akina mama kwamba mijusi watapunguza mbu.

Nilisimama pale ninapowafundisha watoto. Nikasema: nyumba zenye mijusi, wastani wa mbu ishirini na tisa kwa mtego. Nyumba zisizo na mijusi, mbu ishirini na nane. Hakuna tofauti. Katika vinyesi vyao Dokta amekuta nondo, mende wadogo na mchwa wenye mabawa. Mbu kidogo sana.

"Basi ulitudanganya," akasema Nyirabagenzi.

"Sikujua, nikasema kama ninayejua. Ndiyo, niliwadanganya. Na Papa nilimwambia vilevile."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Kisha mke wa Sheikh akasema mende ameona mwenyewe, jikoni kwake hawapungui, na kama utafiti umekwisha, anaomba mijusi wake. Watu wakacheka, na Sheikh akatazama dari.

Mtu akauliza: sasa tuwaue au tuwaache?

Nikamtazama Dokta, Dokta akanitazama. Nikasema, "Kuhusu mbu, nimesoma tulichohesabu. Kuhusu thawabu, Sheikh yuko hapa. Mimi watoto wangu nitawafundisha kisa cha Ibrahimu kama nilivyofundishwa. Halafu nitawaonyesha moyo wake kwa tochi. Watakachofanya na viatu vyao, watajibu wenyewe."

Sheikh hakupinga. Alisema tu nisilete mijusi siku ya mtihani.

Jumapili, 12 Aprili

Dokta amekuja kuaga. Kesho anavuka kwao. Alikuwa anamuuliza Papa jambo dogo, kwa adabu tu: mijusi wetu hutaga wapi, maana msimu mzima hatukupata mayai hata mara moja.

"Nyuma ya sanduku la soli," Papa akasema. "Mawili mawili. Wakikuta pana joto, majike wanne watano wanataga pamoja. Mvua kubwa ya kwanza hawali siku moja. Dume akizeeka anaacha ukuta wa taa, anawaachia vijana."

Dokta akaweka mkoba chini. Akafungua daftari, ukurasa mpya. "Mzee, umejuaje bitu byote ibi?"

"Nimewapiga miaka sitini. Utampigaje usiyemjua?"

Waliketi kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Papa alisogeza sanduku la soli, na kweli yalikuwepo, saba mazima na maganda mengi. Alieleza wanavyokimbia, upande gani wa ukuta hupenda saa ngapi, namna mkia unavyoachwa kukudanganya. Dokta aliandika mpaka kalamu ikaisha, nikampa yangu. Sijawahi kumwona Papa akiulizwa mambo kwa muda mrefu hivyo na mtu anayetaka kujua.

Mwishoni Dokta akasema ataliweka jina la Papa kwenye utafiti, na akauliza aandike nini kama kazi yake. Papa akakataa fundi viatu. Aandike mwadhini.

"Na niandike kwamba Mzee alikuwa anawaua, lakini ameacha?"

"Andika."

"Tangu lini?"

Papa alinitazama, akatazama kiatu chake cha kulia, kilichokuwa kizingitini, kimeoshwa tena, kinakauka.

"Andika tangu leo," akasema. "Saa tatu hivi."